Ship of Fools: mzaha unaokaa hadi baraka ya mwisho

Je, benchi ulilokalia lilikuwa la starehe? Hilo ni swali halali kabisa kwenye fomu ya Mystery Worshipper, yaani mwabudu wa siri, safu ya jarida la mtandaoni la Ship of Fools ambamo wageni wanapima ibada za makanisa, na linaulizwa mapema, kabla hata wimbo wa kwanza haujaimbwa. Ukiendelea kushuka utaulizwa mahubiri yalichukua dakika ngapi hasa, mhubiri unampa alama ngapi kati ya 1 na 10, sehemu gani ya ibada ilikuwa kama kuwa mbinguni, na ipi ilikuwa kama kuwa, ee... kule kwingine. Anayejaza haandiki jina lake. Jina la kanisa linaandikwa, la mhubiri linaandikwa, na taarifa nzima inawekwa mtandaoni dunia yote isome.

Ukisimuliwa hivyo tu utadhani ni kazi ya maadui wa kanisa. Siyo. Ship of Fools, yaani Meli ya Wajinga, inaendeshwa na Wakristo. Ilianza Uingereza mwaka 1977 ikiwa jarida la karatasi, ikazimika 1983, ikafufuka kwenye intaneti tarehe 1 Aprili 1998, Siku ya Wajinga, na usidhani tarehe hiyo iliangukia hapo kwa bahati. Mhariri wake ni Simon Jenkins, na mwenzake katika utundu huu ni Stephen Goddard. Wanajitangaza kuwa jarida la Wakristo wasiotulia, nami nashuhudia kwamba hali hiyo inaambukiza. Nimewahi kulisoma usiku nikicheka peke yangu hadi nikaulizwa kutoka chumba cha pili kama niko salama.

Naandika haya nikiwa mtu wa ndani. Kanisani kwetu mimi ndiye msoma matangazo. Nakijua kile kikohozi kinachoanza ukifika tangazo la tano. Namjua mzee ambaye mchungaji akisema "kwa kumalizia", yeye ndiyo kwanza anavua viatu chini ya benchi. Kwa hiyo mtu akija kutucheka simkasirikii haraka, ila nina swali moja kwake: amekaa nasi kwa muda gani? Amesikiliza hadi baraka ya mwisho, au amechungulia dirishani akakimbia kwenda kusimulia?

Kwa kipimo hicho, Mystery Worshipper ndiyo sehemu bora ya Ship of Fools, na ukiwa na nafasi ya kusoma kitu kimoja tu, soma hicho. Wanaoifanya ni watu wa kujitolea. Mmoja anaingia kanisa ambako hajulikani, anakaa, anaimba, anasikiliza, na kapu la sadaka likipita anatumbukiza kikadi kinachowaarifu wenyeji kwamba Mystery Worshipper amefika. Nakipenda sana kikadi hicho. Wawazie wahesabu sadaka Jumapili ile: noti zimepangwa, sarafu zimepangwa, halafu kinatokea hicho. Tangu hapo hadi taarifa itoke, hakuna anayelala vizuri. Alikuwa nani? Yule dada wa safu ya nyuma? Yule kaka aliyekuwa akitazama saa? Na nani hakutazama saa?

Fomu yenyewe inaonekana wazi imetungwa na mtu aliyekaa sana kanisani. Jengo lilijaa kiasi gani? Kuna aliyekukaribisha wewe binafsi? Hali ilikuwaje kabla ibada haijaanza? Maneno ya kwanza kabisa ya ibada yalikuwa yapi, neno kwa neno? Kuna kitu kilichokupotezea umakini? Ibada ilikuwa ya watu waliokaza nyuso au ya kupiga makofi? Hilo la maneno ya kwanza linaonekana dogo, lakini hebu jaribu kulijibu kwa uaminifu. Mara nyingi maneno hayo si "Kwa jina la Baba." Ni "Moja, mbili, moja, mbili, mnanisikia huko nyuma?" Au ni ombi kwa mwenye gari jeupe aliyeziba lango.

Swali lenye sumu zaidi liko karibu na mwisho. Ibada ilipokwisha ukabaki umesimama, ukionekana kama mtu aliyepotea, kilitokea nini? Mara tu baada yake linakuja swali la kahawa ilikuwaje. Katika makanisa ya Uingereza chai au kahawa ya baada ya ibada ni kama sehemu ya liturujia ambayo hakuna aliyeiandika kitabuni, na ndipo mgeni anapogundua kwamba walewale waliompa mkono wa amani nusu saa iliyopita sasa wamesimama kwa duara na kumpa mgongo. Zipo taarifa ambamo mgeni anashikwa mkono, anaulizwa jina, anatafutiwa kiti. Zipo nyingine ambamo anamaliza kikombe chake peke yake huku akisoma ubao wa matangazo kwa makini ambayo ubao huo haujawahi kuyapata. Katika zote mbili hakuna tusi hata moja, na hizi za pili ndizo zinazouma.

Nilichukua maswali hayo nikaenda nayo kwenye ibada ya kanisa fulani ambako hawanijui. Silitaji jina, halikuniomba nilipime. Benchi: la mbao, mgongo wima, na msumari mmoja ulioipenda sketi yangu. Kukaribishwa: binti mdogo mlangoni alinipa karatasi ya nyimbo akisema "Karibu, mama," kisha akainyakua na kunipa nyingine, kwa kuwa ile ilikuwa ya Jumapili iliyopita. Mahubiri: dakika 47, na 20 za mwanzo zilikuwa nzuri kwelikweli. Ilikuwa habari ya mwana mpotevu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mhubiri akimtetea yule kaka mkubwa aliyebaki shambani. Halafu akarudia. Mbinguni: wazee wawili wa sauti ya besi walioimba ubeti mzima huku vitabu vyao vimefungwa. Kule kwingine: maikrofoni iliyopiga mluzi, na fundi mitambo aliyeujibu kila mluzi kwa kuongeza sauti. Kusimama kama nimepotea: nilisimama. Wa kwanza kunifikia aliniomba nisogee, anataka kukunja kiti. Wa pili alikuwa bibi mmoja aliyenishika kiganja akaniuliza, "Umetoka wapi, mwanangu, na nyumbani hawajambo?" na hakuniachia hadi nilipomweleza mambo mengi kuliko niliyopanga kumweleza mtu yeyote siku hiyo.

Kilichonishangaza ni kwamba nilisikiliza. Ukijua utaulizwa mahubiri yalihusu nini kwa maneno machache, husinzii. Ningewashauri wachungaji wagawe fomu hii mlangoni, ila najua wachungaji.

Ship of Fools pia iliwahi kuonja dhihaka ya aina nyingine kabisa, ya wale wasiokaa. Mei 2004 walifungua Church of Fools, kanisa la mtandaoni lenye jengo la kuchorwa unaloingia na kutembea ndani yake. Kanisa la Methodisti la Uingereza lilikuwa mfadhili, na Askofu wa London wa wakati huo, Richard Chartres, ndiye aliyehubiri kwenye ufunguzi. Ulichagua kikaragosi cha kukuwakilisha, ukakitembeza hadi kwenye benchi, ukakipigisha magoti au kukiinulisha mikono, na maneno uliyoandika yakatokea juu ya kichwa chake. Kumbuka ni 2004. Huo ulikuwa muujiza. Kuna saa 24 ambazo kanisa hilo lilitembelewa mara 41,000.

Mkusanyiko wa namna hiyo hauwezi kukosa wachokozi. Walipanda mimbarini wakatukana. Walijiita Shetani, wakapita kati ya watu wanaosali wakiandika matusi. Ilibidi wageni wafungiwe njia ya mimbari, na wazee wa zamu wakapewa kitufe cha kumpiga mkorofi, kupiga kwa maana ileile ambayo Agano la Kale linasema Bwana aliwapiga Wamisri. Mzee anabonyeza, kikaragosi kinatoweka. Mimi ni mtu wa amani, lakini niliposoma habari ya kitufe hicho roho yangu ilipata faraja ambayo sikuitegemea.

Sasa angalia. Katika masimulizi yote niliyosoma kuhusu wavamizi wale, sijakuta hata utani wao mmoja wa kukumbuka. Mtu kasimama mimbarini, kaandika tusi, basi. Tusi lenyewe ni la darasa la tano. Kinachochekesha hadi leo ni kitufe, na kitufe kilibuniwa na waumini. Jaribio lile lilikwisha mwaka huohuo, na watu waliozoeana humo wakaendelea kukutana kwa jina la St Pixels. Mwaka 2020, ibada zilipohamia Zoom, wavamizi wakarudi na uchafu wao uleule, picha badala ya maneno, na bado hakuna aliyeleta mzaha wenye akili. Siwatetei wala siwalaani zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba, kama kazi ya sanaa, wanachosha.

Usidhani nataka utani wa upole. Landover Baptist si wapole hata kidogo. Hilo ni kanisa la kubuni la tovuti ya mzaha, katika mji wa kubuni wa Freehold, Iowa, ambalo halijawahi kuwa na tofali hata moja. Mwanzilishi ni Chris Harper, aliyesoma Liberty University, chuo kilichoanzishwa na mhubiri Jerry Falwell, na unasikia kabisa kwamba lugha ile hakuiokota njiani. Kanisa hilo linajivunia kwamba wasiookoka hawatakiwi mlangoni. Lina mchungaji aitwaye Deacon Fred, na lina Betty Bowers, bibi anayejitambulisha kuwa Mkristo bora kuliko wote Marekani na anayekuhurumia wewe kwa kutokuwa yeye. Kuna kurasa nilizifunga kwa aibu, tena haraka. Lakini Betty Bowers anajua aya zake. Akiamua kueleza ndoa ya kibiblia anakupeleka kwa Yakobo na wake zake, kwa Sulemani na wake zake 700, na huna pa kumshika kwa sababu vyote vimeandikwa. Unabaki unasema "lakini..." halafu unanyamaza.

Shida ya Landover ni kwamba watu wanawaamini. Waliandikiwa barua za hasira na wasomaji waliodhani kanisa hilo lipo kweli. Mwaka 2005 Nathan Poe alisema, katika mabishano ya mtandaoni kuhusu uumbaji na mageuko, kwamba usipoweka alama ya kukonyeza jicho huwezi kuwaigiza wenye msimamo mkali bila kupata mtu atakayedhani unasema kweli. Aliyesema hivyo hakulijua grupu letu la WhatsApp, lakini amelieleza barabara. Ship of Fools haina shida hiyo. Inapokucheka, unajua unachekwa.

The Babylon Bee, tovuti ya habari za mzaha, nayo niitaje kwa kifupi. Adam Ford aliianzisha mwaka 2016, na habari zake bandia za mwanzo, kuhusu wanakwaya wanaorudia kiitikio mpaka watu wanazeeka na waumini wanaohama kanisa kwa sababu ndogo ndogo, zilikuwa za mtu wa nyumbani. Mwaka 2018 ilipita mikononi mwa Seth Dillon. Mwaka huohuo Snopes, ambao kazi yao ni kuhakiki uvumi, walikaa chini kuhakiki kwa uzito mzaha wake kwamba CNN wamenunua mashine kubwa ya kufulia ili wakaizungushie habari (kwa Kiingereza, kuizungusha habari ni kuipindisha). Hicho kituko kilikuwa kitamu kuliko mzaha wenyewe. Tangu hapo siasa za Marekani zimeimeza, na kwaya siioni tena kwa kiasi kile.

Turudi melini. Mwaka 2005, bunge la Uingereza likiwa linajadili muswada wa kuzuia chuki za kidini, Ship of Fools iliomba wasomaji walete vichekesho vya dini vinavyochekesha kuliko vyote na vinavyoudhi kuliko vyote, ili ijulikane mstari uko wapi. Wazo hilo lilihitaji ujasiri. Kilichoshinda kwa kuchekesha kilikuwa cha Mmarekani Emo Philips, nami nakisimulia kwa namna yangu. Jamaa anamkuta mtu darajani anataka kujirusha. Anamsihi asijirushe, anamuuliza kama anamwamini Mungu. Anamwamini. Mkristo? Mkristo. Mprotestanti? Ndiyo. Mbatisti? Ndiyo. Kila jibu linaongeza furaha, wameshakuwa ndugu, wanaendelea kuteremka kwenye matawi ya Wabatisti hadi wanafika kwenye swali la mwisho: wewe ni wa baraza la 1879 au la 1912? La 1912, anajibu yule maskini. "Kufa, mzushi!" na jamaa anamsukuma.

Nilikisimulia kwenye mazoezi ya kwaya. Sauti ya kwanza walicheka papo hapo. Sauti ya tatu walichelewa kidogo, kwa kuwa kati yao wapo wawili ambao hawajasalimiana vizuri tangu kwaya ilipogawanyika kuwa mbili.

Mwaka 2009 wakafanya lingine: wasomaji wachague aya mbaya kuliko zote katika Biblia. Iliyoshinda ni 1 Timotheo 2:12, pale Paulo anaposema hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Amri ya Samweli ya kuwaua Waamaleki wote, na watoto wanyonyao, ikawa ya pili. Hapa nilikereka mara mbili. Kwanza, kupanga Maandiko kama wagombea wa uchaguzi kulinikwaruza, siwezi kuficha. Pili, mtoto mchanga wa Kiamaleki anashikaje nafasi ya pili, nyuma yangu mimi ninayeambiwa ninyamaze? Nami huwa ninayasoma matangazo mimbarini, kwa hiyo kesi inanihusu. Lakini wiki ile nilisoma 1 Samweli 15 yote, jambo ambalo masomo ya Jumapili hayajawahi kunifanyisha.

Kasoro zipo. Kubwa ni hiyo ya majina. Mpimaji amejificha, mpimwaji hana pa kujificha, na pengine mhubiri alikuwa mgeni, au alikuwa na mafua, au alitoka mazikoni usiku uliotangulia. Alama 4 inabaki mtandaoni miaka nenda miaka rudi. Kanisa kuu lenye kwaya ya kulipwa litastahimili hilo. Kanisa la wazee 18 wanaojitahidi sijui kama linastahili. Wapimaji wazuri wanalijua hili na wanalegeza mkono, ila si wote ni wazuri. Wengine wanaandika taarifa ndefu kuhusu ogani mpaka unajiuliza kama Yesu alitajwa.

Halafu harufu ya Kianglikana imekolea. Kama hukulelewa kwenye mavazi ya ibada, uvumba na vita vya kimyakimya kuhusu kitabu kipi cha nyimbo kitumike, theluthi ya vichekesho itakupita. Na yote ni Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wanaosema "inapendeza" wakimaanisha "ondoeni". Sehemu ya vitu vya ajabu vinavyouzwa kwa jina la Yesu nimeipitia mara moja ikanitosha. Ukishaona kimoja kinachowaka gizani umeviona vyote.

Fomu inamaliza kwa kuuliza ungejisikiaje kama hapa pangekuwa kanisa lako la kila Jumapili, kati ya 0 na 10. Kwa Ship of Fools naandika 8. Moja nimeikata kwa ajili ya wale wahubiri wenye mafua, moja kwa ajili ya watoto wa Waamaleki.

Kabla ya kuweka kalamu chini unaulizwa swali jingine: ni kitu gani utakikumbuka baada ya siku saba? Kile kitufe. Nimeshapeleka ombi kwa kamati tupate kama hicho kwa ajili ya grupu la kwaya, hasa kwa ndugu mmoja wa sauti ya nne anayetuma video za nabii saa tisa usiku. Mwenyekiti amejibu kwamba ombi limepokelewa, na kwamba litasomwa kwenye matangazo.